Kula Kidogo Nyumbani kwa Mavyaa

Nilizaliwa Kizingitini, nikaolewa Amu, mtaa wa Langoni, na fundi wa kuchonga milango. Tulikaa pamoja miaka michache bila kupata mtoto, kisha homa ikamchukua. Nilipomaliza eda, kaka yangu alikuja kunichukua anirudishe kwetu. Nilikwisha kufunga virago vyangu pale mavyaa wangu, mama yake marehemu, aliposhika mlango akasema, "Ukenda na wewe, nitabaki na nini cha mwanangu?" Kaka akarudi peke yake.

Mavyaa alinipa chumba cha juu katika nyumba yake nyingine ndogo, vichochoro viwili kutoka alikokaa yeye. Nikawa nasuka mikeka. Asubuhi nilichovya ukindu majini, mchana nikasuka, jioni nikapika kidogo nikala huku nikisikia watu wa nyumba ya pili wakiitana waje kula. Siku nyingine nilisahau kupika. Hapakuwa na mtu wa kuniuliza.

Mwaka uliofuata niliugua mimi. Homa ilipoondoka iliniachia tumbo baya. Nikila kitu chenye mafuta, moto huniwaka chini ya moyo, halafu natapika. Nikaenda kwa tabibu mmoja mzee, akanibonyeza tumbo kwa vidole viwili juu ya shuka, akauliza maswali mengi. Kisha akasema, "Samli usiiguse. Nyama ya mafuta usiiguse. Halua vivyo hivyo. Kula kidogo, tafuna sana, uondoke ungali na njaa. Ukifuata haya utapona, lakini si upesi."

Kwa mtu anayejipikia mwenyewe, hayo hayakuwa mazito. Nilipika wali mweupe laini, nikachemsha samaki na ndimu, na tumbo likaanza kutulia. Lakini Ramadhani ilikuwa inakwisha, na siku ya Idi jamaa wote tulikuwa tukila kwa mavyaa.

Siku za mwisho za mfungo nilikuwa nikisuka huku nawaza hilo tu. Ningemwambiaje? Yeye alipika wali wa samli uliosifiwa Langoni nzima, na kila Idi alichinjiwa mbuzi. Mjane akikataa chakula cha wakwe, watu husema ana kinyongo nao. Wengine husema mabaya zaidi, kwamba anaogopa kulishwa kitu. Mume wangu angekuwepo, yeye angemwambia mama yake mlangoni, kwa mzaha, na mambo yangekwisha hapo. Mimi kila nilipoyapanga maneno yale, yalinitoka kama lawama.

Nikaamua nitakula kwa akili, na nisiseme neno.

Siku ya Idi nilioga, nikavaa nguo iliyotoka sandukuni, nikaenda. Wanawake tuliketi chumba cha ndani kuzunguka sinia moja kubwa. Mavyaa alikaa upande mmoja, binti yake, yaani wifi yangu, upande wa pili, na jamaa wengine wa kike kati yao. Nilijibana mahali ambapo mchuzi ulikuwa mbali. Nilichota matonge madogo, kiasi cha kushikika kwa vidole vitatu. Kila tonge nililitafuna mpaka likawa maji. Mkono wangu haukutulia: niliusogeza, nikachambua samaki nikamwekea jirani yangu, nikasifu wali, nikauliza habari za watoto. Kuutoa mkono sikuweza. Anayekuwa wa kwanza kuutoa mkono huwaona wenziwe wakisita, na mwenye nyumba huanza kuuliza chakula kina nini.

Kwa muda ilifaa. Kisha mavyaa akanitazama.

"Mbona mkono wako mzito yeo?"

"Nala, Mama. Sijaacha."

"Wala kama kuku. Hebu shika."

Akanyofoa nyama ya ubavu, na mafuta yake yakining'inia, akaiweka mbele yangu juu ya wali. Ilikuwa heshima. Mwanawe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa akipewa sehemu ile. Wote wakanigeukia kuona naipokeaje, nami nikaitia kinywani.

Niliimeza yote. Nikamshukuru. Wakarudia mazungumzo yao, na mimi nikahisi jasho likinitoka chini ya nywele na mate yakinijaa kinywani. Niliinuka nikasema nakwenda kunawa. Sikufika mbali. Nilitapika chooni, nimeshika ukuta, na chumba kile hakikuwa mbali kiasi cha watu kutosikia.

Niliporudi mikono ilikuwa imeondoka kwenye wali. Wifi yangu hakunitazama usoni. Alinitazama tumboni, akamgeukia mama yake, kisha akatazama chini. Wakati ule sikuelewa. Nilidhani wamechukizwa.

Mavyaa akanawa mkono polepole. "Peleka kahawa kwa wanaume," akamwambia wifi. Kisha akanishika kiko cha mkono akanitia chumba cha nyuma, kile anacholala, akavuta pazia.

"Nitazame matoni," alisema.

Nikamtazama.

"Una jambo?"

"Jambo gani, Mama?"

"Jambo la mwanamke. Kutapika, kuchagua chakula, kukonda uso. Mimi nimezaa, nayajua."

Hapo ndipo nilipofahamu. Nikakaa chini bila kukaribishwa. Mjane zaidi ya mwaka mzima, peke yangu chumba cha juu, na mlango wangu wa kuingilia. Walikuwa wamekwisha kuhesabu kila kitu huko nje, kwenye sinia.

"Mama," nikasema, "tangu mwanao azikwe, hakuna aliyevuka kizingiti changu ila wewe. Mimi ni mgonjwa. Tabibu amenikataza samli na mafuta. Mwulize mwenyewe."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa Rajabu."

"Umeugua tangu Rajabu na mimi sina habari?"

"Nilidhani utaona nimekikataa chakula chako."

Alikaa kitandani. Alikuwa mwanamke mkubwa wa mwili, kitanda kikalia. Kwa muda alikunja na kukunjua ncha ya ukaya aliojifunika kichwani.

"Mwanangu angalikuwepo," akasema, "yeye angeniambia."

"Ndiyo, Mama."

"Hata leo, ningelimwuliza yeye. Nisingelikuuliza wewe neno kama lile."

Hakuniomba radhi, na mimi sikuingoja. Tulikaa pale, kila mtu akimkumbuka yule yule, na sikumbuki kama nililia. Kisha aliinuka, akarudi kwa wenzetu, nami nyuma yake. Alisimama karibu na sinia akatangaza, "Huyu ana maradhi ya tumbo. Tabibu kamkataza samli. Asishurutishwe tena na mtu." Wakaitikia wote, maskini, pole, Mungu atakuponya. Wifi yangu aliitikia pia, lakini macho yake yalirudi pale pale tumboni kwangu, na yakaendelea kurudi kila tulipokutana, mpaka miezi ilipopita ya kutosha na yeye mwenyewe akaona hakuna kitu. Baada ya hapo alikuwa mpole kwangu kupita kiasi, na upole ule ulinichosha.

Idi ya kuchinja ilipofika, mavyaa alikuwa amenipikia chakula changu. Wali mweupe, samaki wa kuchemsha, kipande cha ndimu, vyote katika bakuli la kaure lenye maua ya buluu, bakuli ambalo kwa kawaida halitolewi kabatini. Alilitandikia kijamvi chake, hatua moja kutoka kwenye sinia, na akanisukumia mto wa kuegemea.

"Kula, mwanangu. Hiki hakina kitu."

Nilikula, na tumbo halikusema neno. Lakini wenzangu walikuwa wamekaa goti kwa goti, mikono yao ikigongana ndani ya wali, mmoja akimwibia mwenzake kipande cha nyama, wakicheka. Mimi nilikuwa na bakuli langu. Hakuna aliyelikaribia, kwa adabu. Mara moja mtoto mdogo wa wifi alikuja akanyoosha kidole, mama yake akamvuta haraka, "Hicho cha mgonjwa." Nilikuwa nakula kama nilavyo chumbani kwangu kila siku, ila safari hii watu walikuwa wakinitazama.

Nilivumilia hivyo Idi zile mbili za mwaka uliofuata. Kisha siku moja mavyaa alipokuja kunitazama, nilikata shauri kusema.

"Mama, Idi hii nirudishe kwenye sinia."

"Na tabibu?"

"Tabibu nyumbani kwake hali chakula peke yake."

Alinitazama sana. Nilidhani nimevuka mpaka. Akasema tu, "Tutaona," akaniuliza bei ya ukindu, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Idi ilipofika sikuliona bakuli. Sinia lililetwa, na upande mmoja wa ule wali wa samli palikuwa na wali mweupe, umefinyangwa pembeni kama kisiwa, na samaki wangu juu yake. Mavyaa akaniita huku akipiga mkeka kwa kiganja mbele ya mahali pale. "Ndoo ukae hapa. Upande wako huu." Nikajipenyeza kati ya wifi na yeye. Wifi akasogeza goti. Nilikula kidogo, nikatafuna sana, na nilipotosheka niliuacha mkono wangu pale ukingoni, vidole ndani ya wali, mpaka wote walipomaliza. Hakuna aliyenihimiza.

Baada ya kahawa kila mmoja aliitwa na watu wake. Wifi alikuja kuchukuliwa na mumewe, wengine na watoto wao, na mavyaa akajilaza. Nilimfunika miguu nikatoka. Mtaa ulijaa watoto wenye nguo mpya wakikimbizana na kupigana mabega na wapita njia. Nilipanda chumbani kwangu, nikavua nguo ya Idi, nikaikunja vizuri na kuirudisha sandukuni. Bado ilikuwa mchana. Nilichovya ukindu majini, nikakaa karibu na dirisha kungoja ulainike.