Alama Kwenye Mpira wa Darubini

Miaka ya Hali ya Hatari nilifanya kazi nyuma ya duka moja la bunduki katikati ya Nairobi, na muda wote huo sikuwahi kushika bunduki. Mwafrika kushika bunduki siku zile ilikuwa kujitafutia kitanzi. Zenyewe zilifungiwa kwenye chumba cha chuma, sisi tukaletewa darubini zake tu, zimeshafunguliwa, tuzisafishe kama vyombo vya chai. Sisi maana yake mimi na fundi wangu, mzee Mwislamu wa Mombasa, mtu wa maneno machache.

Kazi kubwa ilikuwa mpira. Darubini ya bunduki ina pete ya mpira pale jicho linapokaa, ili bunduki ikirudi nyuma isimpasue mpigaji nyusi. Ikikaa stoo muda mrefu, mpira unaoza. Mwingine hukauka ukapasuka, mwingine hulainika ukanata kama ulimbo. Ule wa kunata tuliufuta kwa kitambaa chenye spiriti, taratibu, tusiguse kioo, kisha tukaupaka poda ya watoto. Ukishindikana kabisa, fundi alikata pete mpya kutoka tyubu ya baiskeli.

Asubuhi moja akaingia bwana mmoja Mzungu wa Loresho, mwenye shamba la kahawa. Nilimtambua kabla hajavua kofia. Kaka yangu mkubwa ndiye aliyekuwa akimbebea bunduki kwenye safari za kuwinda. Miaka mitatu nyuma bwana huyo alisimama kwenye veranda yake akaniambia kaka amechukuliwa na mto huko kaskazini, na maiti haikuonekana. Leo alinitazama usoni, akanikabidhi kasha, asinijue. Akasema atarudi saa nane.

Kwetu magharibi mtu akipotea hivyo hukatwa mgomba kwa urefu wake, ukavishwa shuka, ukazikwa badala yake, na watu wakalia kama kawaida. Mama hakutaka. Alisema hawezi kumzikia mwanawe shina la mgomba na yeye hajaona hata kiatu chake. Mimi ndiye niliyembembeleza, likizo baada ya likizo, mpaka akakubali. Nilikuwa nimechoka kumwona akikaa mlangoni siku nzima. Tulizika Desemba iliyotangulia.

Nikafungua kasha. Mpira wote ulikuwa umelainika, mweusi tititi. Ubavuni mwake palikuwa na alama ya kidole gumba, imezama vizuri, na mstari ukiikata mshazari kutoka juu mpaka chini. Ulikuwa mstari wa kovu, na kovu lile nilimtia kaka mimi. Tulikuwa tunakata miwa, panga likaniponyoka, na kaka akamwambia mama amejikata mwenyewe. Kidole kile ningekijua popote.

Nakiri nilifurahi. Nilidhani nimepata hatimaye kitu chake cha kumpelekea mama. Nikamweleza fundi, nikamwomba tukate pete mpya ili ile ya zamani nibaki nayo. Akaipeleka dirishani, akaitazama kwa muda.

"Nduguyo alifariki lini?"

"Miaka mitatu sasa, fundi."

"Mpira mzima haushiki alama, wajua. Ukiubonyeza hurudi. Huu umeshika kwa kuwa ulikwisha lainika." Akaniwekea darubini mezani polepole. "Kidole hiki si cha miaka mitatu, mwanangu. Ni cha juzi juzi."

Sikufanya kazi nyingine asubuhi ile. Nilikaa nikiutazama ule mstari, na niliogopa. Nilimwogopa kaka yangu mwenyewe, hai au mfu, popote alipokuwa.

Saa nane bwana aliporudi nilimwuliza ni nani aliyeishika darubini ile karibuni. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Hapana mtu," akasema. "Mimi nafunga kwa sanduku baada ya safari, miaka tatu sasa. Funguo iko na mimi. Leo asubuhi ndio nafungua." Kisha akanikazia macho. "Kwa nini wewe nauliza?"

"Mpira umeharibika, bwana. Tunaweza kuweka mwingine."

"Ya baiskeli? Mimi hapana taka. Safisha hii hii. Mimi nangoja."

Akasimama juu yangu. Ningeweza kuidondosha, ningeweza kusema spiriti imekwisha. Badala yake nililowesha kitambaa. Nilijiambia nikimpelekea mama habari hii nitamrudisha mlangoni, na safari hii hatatoka. Mfuto wa kwanza ulichukua kingo za kidole. Wa pili ukachukua kovu. Fundi aligeukia ukutani, nami nikapaka poda.

Nilipokwenda nyumbani likizo iliyofuata, mama alikuwa amenenepa kidogo. Alinitengea chakula, akakaa karibu yangu.

"Ulinisaidia, mwanangu," akasema. "Sasa napata usingizi. Najua alipo."

"Ndiyo, mama," nikasema.

Mara nyingi baadaye nilifungua mdomo nimwambie, nikaishia kuuliza habari za mahindi. Sikumtafuta kaka wala sikurudi Loresho. Bwana yule aliuza shamba akaenda zake, na la kuuliza likakosa wa kuulizwa. Mama alipofariki tulimlaza kando ya lile kaburi, kama alivyoomba, asiwe mbali na mwanawe. Watu walisema amepumzika na mtoto wake. Mimi peke yangu pale nilijua kwamba pengine mwanawe yu hai mahali, na tumemlaza na mgomba tu.