Sijakimaliza, Madame

Masista wa misheni ya Nyangezi walimfundisha Euphrasie kusoma Kifaransa, kushona na kutii. Kutii hakukumwingia vizuri.

Aliolewa na Théodore, karani wa ofisi moja ya wazungu mtaani Ibanda, wakapata nyumba ya matofali kule Kadutu, mtaa wa Waafrika. Jirani yao Georgette alikuwa yaya kwa wazungu. Madame wake alikuwa akimaliza kitabu anakitupa, na Georgette akawa anaviokota. Mwenyewe hakujua kusoma, lakini alikuwa amemwona Madame akilia juu ya vitabu hivyo, akataka kujua ni kitu gani kinamliza mwanamke asiyefua hata leso yake.

"Soma, maman Euphrasie," alisema. "Soma kwa Kiswahili, tusikie wote."

Zilikuwa hadithi za mapenzi zinazofuatana. Mwenye kinu cha kusagia ngano alikuwa na mabinti wanne, na kila kitabu kilikuwa cha binti mmoja. Ukifungua cha pili, yule wa kwanza unamkuta ameshaolewa, anapita na mtoto mgongoni katika hadithi ya mwenzake. Euphrasie alisoma uani mchana, wanawake wakichambua maharagwe na kutwanga sombe, majani ya muhogo. Walibishana kama watu wa ukoo mmoja.

"Ule baba iko mubaya!"

"Hapana, ni mutoto ana kichwa nguvu!"

Siku binti wa pili alipomwambia baba yake kwamba hataolewa na mtu ambaye hakumuuliza yeye kwanza, Euphrasie alishusha kitabu magotini. Théodore alikuwa mume mzuri. Lakini Euphrasie mwenyewe hakuna aliyemuuliza. Mashemeji walikuja na ng'ombe, wakazungumza na baba yake, yeye akaambiwa tu ajitayarishe. Alifuta macho kwa kitenge, akaendelea kusoma.

Wakati huo Théodore alikuwa ameomba ile karte, kadi ya serikali ya kikoloni wanayopewa évolués, Waafrika waliohesabiwa kuwa "wameendelea". Komisheni ingekuja kukagua kama nyumbani wanaishi kizungu. Alinunua uma, akapaka chokaa ukutani, kisha akasema, "Ficha ile kitabu. Watasema mwanamuke yangu anasoma mambo ya bure."

"Wataona uma wafurahi, wataona kitabu wakasirike?" Euphrasie alijibu. "Sifichi."

Walikuja bwana mmoja na mama mmoja wa kizungu. Yule mama alifungua kabati, akanusa sufuria, akainua hata shuka la kitanda. Théodore alisimama wima kama askari. Kisha mama akaona kitabu mezani.

"Nani anasoma hiki?"

"Kimesahauliwa na mugeni," Théodore alianza.

"Ni changu, Madame," alisema Euphrasie.

"Afadhali ungesoma juu ya usafi wa watoto. Hadithi hizi zitakuvuruga kichwa." Akanyoosha mkono akichukue.

Euphrasie akaweka kiganja chake juu ya jalada.

"Samahani, Madame. Sijakimaliza."

Yule mama akarudisha mkono wake, akavaa glavu, wakatoka.

"Umeniharibia!" Théodore alifoka mlango ulipofungwa.

"Théodore, wamefunua kitanda chetu, umenyamaza. Kwa kitabu ndiyo unapata sauti?"

Siku nyingi Théodore alikula bila kumtazama mkewe. Karte haikutoka mwaka ule, na hakuna aliyemweleza sababu. Wanawake waliendelea kuja. Jumapili moja Théodore naye akavuta kiti hadi mlangoni, akajifanya anapiga viatu rangi. Euphrasie alipogeuza ukurasa, mumewe akauliza bila kuinua kichwa, "Sasa baba yake alikubali?"

"Sogea karibu, utasikia."

Kitabu cha binti wa nne hakikufika. Madame wa Georgette alirudi Ulaya nacho sandukuni. Wanawake walikaa uani wamenuna kama watu waliofiwa. Euphrasie akajifuta unga mikononi, akaketi.

"Binti ya mwisho," alianza, "wanaume watatu walikuja kumuposa. Akawatoa wote. Akachukua funguo ya kinu kwa baba yake."

Georgette akamtazama mikononi. "Lakini kitabu iko wapi?"

"Hakuna kitabu. Ni mimi nasema. Nyamazeni, musikilize."