Jiwe la Tatu Kutoka Kichwani

"Ati baba mkwe wako alizika jina lake chini ya kaburi la rais wa kwanza," jirani alimwambia huku akianika nguo. "Ndiyo maana hawakumwita tena kazini."

Mkamwana alikuwa akimnyonyesha mtoto. Lakini maneno yale hayakumtoka, na walipokuwa kwenye basi la kwenda mji mkuu alimwuliza mzee mwenyewe.

Mzee alicheka hadi akapaliwa. "Jina? Nani anatia jina kwenye kazi mbovu?"

Ndipo akamweleza. Sakafu ya marumaru mle ndani ya jengo la kaburi aliipanga yeye, miezi saba akitembea kwa magoti. Siku ya mwisho saruji ikaisha, na wakubwa walikuwa wanakuja kesho yake asubuhi. Jiwe moja, karibu na kichwa cha kaburi, akalilaza juu ya mchanga na saruji ya kulamba tu. Miaka thelathini na moja hajui kama lilishika. Kila redio ikisema mgeni fulani ameweka shada la maua, roho humruka: asije akajikwaa mtu. Sasa kiharusi kimemchukua miguu, na bado hajajua.

Walipofika kwenye jengo hilo, ngazi zilikuwa arobaini na nane. Mkamwana alizihesabu kwa macho mara mbili, kana kwamba zingepungua. Mtoto mgongoni, kiti cha magurudumu mkononi.

"Samahani, mama," alisema askari wa pale chini. "Kubebana kwenye ngazi marufuku. Mwezi uliopita mtu aliporomoka."

"Kijana," mzee akadakia, "huyo aliyelala humo naye hakupanda kwa miguu yake. Mbona yeye mlimbeba?"

Askari alicheka bila kutaka, kisha akainamisha uso. "Amri si yangu, baba. Na saa sita tunafunga."

Mkamwana alibembeleza, akabembeleza tena. Kisha aliinama akaweka vizuri shuka magotini mwa mzee, ingawa lilikuwa limekaa vizuri.

Mzee akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto. Vua viatu, mama, upande wewe. Jiwe la tatu kutoka kichwani, upande wa dirisha. Ligonge kwa kisigino. Likilia kama debe tupu, nakuomba usinifiche."