Soksi Zilizorudi Safi

Mwanangu alikuwa anasifiwa. Wanawake wa ploti yetu hapa Huruma walikuwa wanasema nimezaa malaika, mtoto hata hasikiki. Nikipita jioni nimembeba, kichwa kimelala begani, wale walioketi mlangoni wakikatakata sukuma wiki wananiambia nina bahati, wao wamezaa redio. Na mimi nacheka. Nimeshinda nimesimama na pasi mkononi, miguu imevimba, na mtu akikusifia mtoto saa hiyo unaipokea kama chai ya moto.

Alikuwa amepita mwaka mmoja. Alikuwa ameanza kusimama kwa kushika ukuta, halafu akaacha. Hapo ndipo ningeuliza, lakini nimuulize nani? Baba yake alienda Turbo kupakia mahindi kwa malori na huko akapata mlango mwingine wa kurudi jioni. Mama yangu yuko ng'ambo ya Webuye, na nikimpigia anasema amesikia na Mungu atatenda, halafu ananiambia mvua imekuwa aje. Chumbani kwangu tulikuwa wawili, mimi na mtoto, na mtoto alikuwa amelala.

Mlezi wake alikuwa mama mmoja wa chumba cha kwanza karibu na geti. Sote tunamwita Shosho, yaani nyanya kwa lugha ya kwao. Alikuja Eldoret zamani kutoka upande wa kati, akauza viazi sokoni mpaka magoti yakakataa, ndipo akaanza kulea watoto wa wenye kazi. Unampelekea mtoto kabla ya jua, wakati ukungu bado umekaa juu ya mabati, na chupa ya uji, na nepi, na soksi, kwa sababu baridi ya asubuhi hapa haina huruma hata kama mtaa unaitwa hivyo. Jioni unampata ameoshwa uso na kupakwa mafuta. Sitamsingizia: mikono yake ni mizuri kwa watoto. Ndiyo maana bado nina hasira. Mtu mbaya ningemjua mapema.

Kila jioni ananiambia maneno yaleyale: "Leo amecheza mpaka amechoka."

Na kila jioni soksi zinarudi safi.

Mimi kazi yangu ilikuwa kwa dobi mjini. Nimeshika uchafu wa watu mpaka najua, nikiona kola tu, mwenye shati anaendesha gari ama anatembea kwa miguu. Hii ploti yetu simiti imepasuka, na vumbi jekundu linaingia mpaka kwa godoro. Mtoto akicheza hapo saa moja, nguo zake zinasimama zenyewe. Wangu alikuwa anarudi na soksi nyeupe kama zilivyotoka kwa kamba. Nilizivua kwa mikono hii, nikaziweka za kesho bila kuzifua, nikafurahi sabuni imebaki.

Siku moja mtoto aliamka na mafua. Nilikuwa nimenunua dawa ya maji kwenye duka la dawa pale stejini, nikampa kulingana na kijiko kilichokuja nayo. Nikamwambia Shosho ana mafua. Akasema mafua ni ya watoto wote, niende kazi. Kabla ya saa sita stima ikapotea mjini kote. Pasi zikapoa, tajiri mwenye dobi akanung'unika, mwisho akatuambia twende nyumbani. Nilitembea nikiwa na furaha kama ya mtoto wa shule. Nilinunua ndizi ya kumpa.

Sikuwa nimewahi kuingia ploti yetu saa sita siku ya kazi. Kitu cha kwanza kilichonigusa ni kimya. Vyumba vyote hivyo, watoto wote hao, na unasikia nguo zikipigwa na upepo kwa kamba.

Nilivuta pazia la Shosho. Yeye alikuwa anachagua maharagwe, redio iko chini. Watoto walikuwa wamelala kwa mkeka, wamepangwa kwa mstari kama mikate kwenye treya, wote wakiangalia ukuta.

"Kwani umefutwa kazi?" akaniuliza.

Nikainama kumchukua wangu. Akaniambia nimwache, ndio amelala sasa hivi. Lakini nilikuwa nimeshamshika. Alikuwa moto, na ngozi kavu, hata tone la jasho hakuna. Midomo ilikuwa imeshikana. Moyo wake ulikuwa unakimbia chini ya mkono wangu, lakini pumzi ilikuwa inakuja polepole, na mkoromo, kama ya mzee. Nilimwita. Nilimfinya unyayo. Nikamfungua jicho kwa kidole, na lile jicho lilikuwa jeusi lote, limefunguka kama mlango, na ndani hakuna mtu aliyeniangalia.

Nikamuuliza Shosho amempa nini.

"Uji. Si ni ule ulileta wewe?"

Nikatoka mbio naye mpaka barabarani, na mwenye bodaboda hakungoja nimweleze. Hospitalini alitupokea daktari kijana, macho mekundu ya kukosa usingizi, akammulika tochi machoni, akasikiliza kifua. Akaniuliza mtoto amepewa nini leo. Nikamwambia dawa ya mafua na uji. Akauliza tena. Mara ya tatu aliacha tochi chini.

"Mama, kuna kitu kingine. Nisipojua ni nini, natibu kama kipofu. Inaweza kuwa dawa ya panya, inaweza kuwa vidonge vya mtu mzima. Tafuta kujua."

Nikampigia Shosho. Akasema uji. Nikapiga tena, simu imezimwa.

Basi nikampigia jirani yangu, yule ambaye ukuta wake ndio wa kitanda changu. Yeye pia mtoto wake hushinda kwa Shosho. Alikuwa sokoni, nasikia watu wakibishana bei nyuma yake. Nikamweleza. Akasogea kando na zile kelele.

"Ni ile dawa ya kuwashwa," akasema. "Ile ya maji. Anawapa na kifuniko cha soda, ndani ya uji. Mtoto akikataa kulala anaongezewa." Halafu akasema, "Usiseme ni mimi."

Nikamuuliza amejua tangu lini. Akakata simu.

Daktari aliposikia alitikisa kichwa, lakini si kama mtu aliyeshangaa. Nafikiri hilo ndilo liliniumiza zaidi, kwamba hakushangaa. Akaniambia ile dawa ya mafua niliyompa asubuhi na ile ya kuwashwa ni chupa mbili, picha tofauti, lakini ndani ni dawa ya ukoo mmoja. Mimi nilimpa kiasi chake, na Shosho akamwagia kifuniko kizima juu yake, labda viwili.

Nikamuuliza inakuwaje dawa ya pua inamlaza mtoto hivi. Akanieleza bila kunidharau, na nikaelewa, kwa sababu nilimaliza kidato cha nne, si mjinga. Dawa ukiimeza haijui umeituma wapi. Inaingia kwa damu na damu inaipeleka kila mahali. Kile kinachokausha makamasi kinakausha na mate, kinakausha na jasho, ndiyo maana mtoto anachemka na hawezi kujipoza. Kinafungua mboni za macho, kinakimbiza moyo. Kikipanda kwa ubongo kinapunguza mwangaza, na kikizidi kinaweza kufika pale panapokumbusha kifua kuvuta pumzi, na hapo napo kipunguze. Mtu mzima akizidisha kidogo anaweza kusinzia tu. Mtoto ini lake ni dogo, na ini ndilo linalosafisha.

Hiyo ya ini nilielewa kwa njia yangu. Kwa dobi, nguo za leo zikija kabla ya za jana kuisha, zinapandana. Kesho zinakuja zingine. Hakuna siku meza inaonekana. Mwanangu alikuwa anaishi hivyo, kifuniko cha jana hakijafuliwa, cha leo kimeshuka. Ndiyo maana hata jioni kwangu alikuwa mzito. Ndiyo maana aliacha kusimama. Mtoto anajifunza kutembea akiwa macho. Na mimi nikafikiri amechoka kucheza.

Nikauliza atapewa nini ya kuifukuza.

"Tunampa hewa, tunampa maji ya mshipa, tunampoza mwili, tunamchunga," akasema daktari. "Nyingine ni kungoja mwili wake ufanye kazi."

Sasa kungoja. Wodini kila kitanda kilikuwa na watu wake. Wamekuja na chupa za chai, na mashangazi, na mtu wa kuombea. Mimi nilikuwa na ndizi moja kwa mfuko wa sweta. Niliwapigia wanawake wa ploti, wale wa kusifu, na wote walisema pole, wote walikuwa mahali hawawezi kutoka. Baba yake hakushika. Mama alisema Mungu atatenda. Nikaweka simu chini nikaanza kusikiliza pumzi. Ikiingia, nangoja itoke. Ikitoka, nangoja iingie. Hakuna mtu unayeweza kumpa kazi kama hiyo akusaidie kidogo.

Jua lilikuwa linaenda chini dirishani alipofungua mdomo akalia. Ilikuwa sauti kubwa, mbaya, ya hasira, mpaka wa kitanda cha pili wakageuka. Na mimi nikakaa hapo kama mjinga, kwa sababu nilikuwa nimesahau sauti yake. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, na sauti yake ilikuwa ngeni kwangu.

Tuliporudi nyumbani nilienda moja kwa moja mpaka chumba cha kwanza. Shosho hakukimbia, hata hakusimama. Akaniambia amelea watoto kabla mimi sijazaliwa na hakuna aliyekufa mikononi mwake. Akasema mkeka ni mmoja na watoto ni wengi na sisi tunamwachia tunaenda, wakilia wote mwenye nyumba atamfukuza. Akasema hata mimi nilimpa dawa asubuhi na sikumwambia. Ni kweli, nilimwambia mafua, sikumwambia dawa. Yeye naye hakuwa ameniambia kifuniko. Hivyo ndivyo mtoto anavyouawa na watu wawili wanaomtakia mema.

Yule wa duka la dawa nilimfuata pia. Akaniambia hiyo haihitaji karatasi ya daktari, mtu akisema anawashwa atajuaje nani anawashwa. Mzee wa nyumba kumi akaniambia mambo ya majirani huisha nyumbani. Nikasema nitaenda mpaka kwa chifu.

Hapo ndipo wanawake wa ploti walikuja kwangu. Walikuja pamoja, wakajaa mlangoni, na nilifikiri wamekuja kunipa pole. Yule mkubwa wao akazungumza, mwenye kuuza mboga, ambaye alikuwa ananiita dada.

"Ukimfungisha Shosho, kesho tunapeleka watoto wapi? Kwako?"

Nikasema wanalishwa dawa. Mmoja akasema si wangu amepona. Mwingine akasema kwani mimi niliona mtoto wa nani mwingine akipelekwa hospitali. Wote walijua, ama walijua nusu na wakaacha nusu ile nyingine bila kuiuliza. Niliwaangalia mmoja mmoja. Jirani yangu wa ukuta alikuwa nyuma kabisa, anaangalia viatu vyake. Sikusema ni yeye. Nilimwahidi kwa kunyamaza, na nikashika ahadi, na hilo nalo liliniudhi.

Kwa chifu nilienda. Walisema watatuma mtu. Bado namngoja.

Kazi ya dobi niliacha. Sasa nafulia watu hapa uwanja wa ploti, nguo zinaletwa asubuhi na kuchukuliwa jioni, mtoto yuko pale ninapomwona. Nikiweka beseni karibu na mfereji, wengine wanasogeza yao. Nikisalimia, wananijibu wakiangalia kamba. Mtoto wangu sasa ni redio kuliko redio zote. Analia, anapiga sufuria, anatembea akianguka. Wanagonga ukuta waniambie nimnyamazishe. Siwezi. Soksi zake nazisugua kwa mawe na bado hazitakati.

Lakini mchana ploti imenyamaza vilevile. Hiyo ndiyo shida ya kushinda nyumbani: unasikia. Niko hapo na mapovu mpaka kwa kiwiko, na nyuma ya lile pazia kuna watoto wamejaa, na hakuna anayebishania hata kijiko. Nilianza kitu kidogo. Nikienda kuchota maji nasimama mbele ya pazia naita kwa nguvu, "Watoto, hamjambo?"

Shosho anasema wamelala.

Mimi nasema najua, ndiyo maana naita.

Siku zingine unasikia mmoja akikohoa au akijigeuza. Siku zingine hakuna. Naita tena mpaka nisikie kitu, ndipo nachota maji. Wanasema nimeharibika kichwa. Sawa.

Juzi asubuhi jirani yangu wa ukuta alipita na mtoto mgongoni kwenda kumwacha. Huwa hanisalimii. Alifika karibu na beseni langu, akasimama kama aliyesahau kitu. Aliangalia miguu ya mwanangu, nyeusi mpaka kwa magoti. Akavuta leso ya mgongoni, akaikaza, na bado hakuniangalia.

"Ukipita pale," akasema, "wangu mwite kwa jina."

Akaenda.

Saa sita nilifuta mikono nikasimama mbele ya pazia. Nikamwita mtoto wake kwa jina. Ndani, Shosho alizima redio. Nikamwita tena.