Maelezo ya Mama Penseli

Katika ofisi ya bajeti ya manispaa walimwita Mama Penseli. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa karani wa vifungu, na hakuandika kwa wino tarakimu ambayo wakubwa hawajakubaliana juu yake. Tarakimu za nusu mwaka, alisema, ni mgeni asiyeaga: unamwandalia kitanda, kumbe keshaondoka.

Asubuhi ya kikao cha marekebisho hakuweza kukaa kitako. Alikwenda dirishani, akarudi, akafungua droo, akaifunga. Kanuni ya mwaka ule ilikuwa fupi: kifungu kilichotumia chini ya robo ya fedha zake katika miezi sita kinyang'anywe, fedha ziende kukarabati ukumbi wa manispaa. Kifungu cha mtaro wa maji ya mvua wa bondeni kilikuwa hakijatumia hata senti. Haukuwa uvivu, mtaro huchimbwa upya kiangazi, na kiangazi kilikuwa bado mbele. Mvua zilizopita, mama mkwe wake aliyeishi huko alikesha siku mbili juu ya meza, kuku wake mapajani.

Mkuu wake wa kwanza alimfundisha kwamba karani hana maoni. Kwa hiyo safu ya maelezo aliiacha tupu miaka yote, hadi jana yake, alipoandika: "Kazi hii ni ya kiangazi. Fedha zisihamishwe."

"Utatoboa sakafu, mama," alisema tarishi, akiingia na karatasi kutoka kwenye mashine ya kurudufu. "Una kikao au una uchungu wa kuzaa?"

"Lete hiyo nakala, kasuku wewe."

Akaifunua. Safu ya maelezo ilikuwa nyeupe pe. Mashine haikuiona penseli yake.

"Nyingine ziko wapi?"

"Nimeshagawa. Wameanza."

Akachomoa karatasi ya asili na kukata korido ndefu kwa hatua za mtu aliyeacha chungu motoni.

Ndani, mwenyekiti wa kamati alikuwa anasoma. "Kifungu cha arobaini na moja, mtaro. Sifuri. Kihamishwe?"

Mikono ikaanza kupanda.

"Kisihamishwe, mheshimiwa." Sauti yake mwenyewe ilimshtua.

"Tangu lini karani anapiga kura?" aliuliza mweka hazina.

"Sipigi kura, bwana mkubwa. Naleta kilichoandikwa."

Mwenyekiti aliipokea karatasi, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. "Nani kaandika?"

"Mimi."

"Una jamaa huko?"

"Mama mkwe."

Diwani mmoja akaangua kicheko. "Kumbe! Ukimkosesha mtaro atakurudisha kwenu!"

"Akinirudisha, mheshimiwa, nitaondoka na miguu mikavu. Atakayebaki majini ni yeye, na mtaa mzima."

Kicheko kikakatika. Mikono ikashuka, mmoja baada ya mwingine.

"Kifungu kibaki," mwenyekiti alisema. "Lakini maelezo haya yaandike kwa wino, utie sahihi. Kiangazi kikipita jembe halijagusa udongo, tutakuita wewe, si mhandisi."

Karani akajipapasa mfukoni, kisha nyuma ya sikio. Penseli mbili. Ikambidi aombe kalamu, na mweka hazina akamsukumia yake mezani bila kumtazama.

Wenzake walidhani sasa angetulia. Wapi! Kuanzia jioni ile, kila alipotoka kazini alipitia bondeni, akasimama ukingoni mwa mtaro uliojaa matope, akitazama mbingu kama mtu anayedaiwa nazo.