Ndege ya Eckart Demuth Haikuruka

Eckart Demuth wa Kassel aliendesha tramu mpaka akastaafu, na hakuna abiria aliyewahi kumwona akifungua mlango nje ya kituo, hata mvua inyeshe vipi. Ndivyo alivyo. Kikiandikwa kimeandikwa, na ukimbembeleza ndiyo kwanza anakaza.

Uzeeni akapenda mchezo mmoja wa mezani, wa kuunda ndege za ile vita kuu ya kwanza. Unachukua kadi za injini, mabawa ya turubai na bunduki za bombomu, unaunda ndege yako, unaijaribu kwa kutupa dadu. Ikipona, jeshi linainunua na wewe unapata alama. Mchezo wenyewe mrefu, balaa! Mkewe Roswitha anauchukia. Jirani yao Detlev, anayekuja kila Jumapili kunywa kahawa na keki ya plamu, anauita adhabu. Na nyumba ile, aliyeshinda ndiye anayechagua mchezo wa Jumapili inayofuata. Eckart hashindi. Kwa hiyo sanduku la ndege hutoka kabatini siku yake ya kuzaliwa tu, likirudi ni mpaka mwakani.

Safari hii aliapa kushinda.

Roswitha akaunda kioja, injini dhaifu na mabawa hayalingani.

"Hiyo itaua rubani," Eckart akamwonya.

"Rubani wa kadibodi? Nani atamlilia!" Akatupa dadu, ndege ikapona, akauza. Akaunda nyingine mbovu vilevile, nayo akauza. Eckart moyo unamchemka. Yake ilikuwa ndege hasa, ila injini haikumridhisha.

"Irushe basi, mzee!" Detlev akasema, keki mdomoni. "Au unasubiri itage?"

"Bado kidogo."

"Hata zamu iliyopita ilikuwa bado kidogo."

Hatimaye akaipata injini aliyoitaka. Zamu ijayo angeirusha, na alama zake zingewapita wote. Detlev akafunua kadi ya juu ya rundo la mezani, zile zinazoamua mwendo wa vita. Amani!

"Vita imekwisha, jamani!" Detlev akapiga makofi.

"Amani gani saa hizi!" Eckart akafoka, uso umemwiva. Nusura apindue meza, kahawa na yote.

Roswitha akamwonea huruma. "Mwache arushe hiyo moja, Detlev. Ni siku yake."

"Arushe tu, mimi sina neno."

Wakamsogezea dadu. Mkono wa Eckart ukaenda, ukarudi. Loo, mtu huyu! Akavaa miwani, akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kwa sauti: "Kadi ya amani ikifunuliwa, ndege zote ambazo hazijajaribiwa zinavunjwa."

"Nani amekuuliza?" mkewe akasema.

"Imeandikwa."

"Si tumekupa!"

"Hamna uwezo wa kunipa." Sauti ilimtetemeka kwa hasira, na hasira yenyewe hakujua amtupie nani. Akaichomoa injini, kisha mabawa, akayarudisha sandukuni.

Roswitha ndiye aliyeshinda. Akamtazama mumewe akipanga vipande. Alikuwa tayari kuvumilia Jumapili nyingine ya adhabu ile kwa ajili yake.

"Niombe tu, Eckart," akasema taratibu. "Neno moja, nitachagua ndege."

Eckart alilitaka sana neno lile litoke.

"Mshindi haombwi," akasema. "Anachagua mwenyewe."

Roswitha akashusha pumzi ndefu. "Haya. Karata."

Eckart akafunika sanduku, akalibeba mwenyewe mpaka kabatini.