Mtani Haibi

Chuo chetu cha ualimu pale Tabora kilikuwa na lango kabla hakijawa na uzio. Uzio ulioahidiwa na serikali ungekuja baadaye, na baadaye hiyo sikuiona hadi nahitimu. Kwa hiyo lango lilisimama peke yake kando ya barabara itokayo Isevya: milango miwili mizito ya mninga, nguzo mbili za matofali zilizopakwa chokaa, nyasi upande huu, nyasi upande ule. Mbuzi walipita kulia. Akina mama wa kuni walipita kushoto. Sisi wanachuo tulipaswa kupita katikati tukiwa na cheti cha ruhusa mkononi, na ole wako uonekane umekanyaga nyasi.

Mimi nilitoka Nzega, kwa watu wa ng'ombe na mtama, na hasira zangu zilikuwa karibu siku zote, hasa nikikutana na jambo lisilo na akili. Siku ya kwanza nilimwuliza mlinzi kwa nini nisipite pembeni kama wale mbuzi. Akanitazama kuanzia kofia hadi viatu.

"Kwani wewe mbuzi?"

"Hapana, mzee."

"Basi pita langoni."

Nikapita langoni.

Mlinzi alikuwa Mnyamwezi mwenzangu, wa Goweko. Alikuwa keya, askari wa jeshi la Mwingereza, wakati wa vita, akafika hadi Burma, akarudi na kabuti, firimbi na goti bovu. Wote tulimwita Afande. Mke wake alikwisha kufariki, na alichobakiwa nacho duniani ni binti mmoja aliyesoma darasa la tano katika shule ya mazoezi. Shule hiyo ilikuwa humo humo chuoni, ili sisi walimu wanafunzi tupate watoto wa kujifunzia kazi. Sheria yake ilikuwa fupi: mtoto anayelala katika nyumba za wafanyakazi anasoma, asiyelala humo hasomi. Kule Goweko shule iliishia darasa la nne.

"Nikitoka hapa," Afande aliniambia mara nyingi, "mwanangu anarudi kuchuma tumbaku. Basi sitoki."

Nilimfundisha hesabu binti huyo. Alikuwa mkimya, mwenye macho ya kukungojea ukosee. Nami nilikosea, maana macho yale yalinitia wasiwasi, na yeye hakusema kitu, aliandika tu jibu sahihi.

Sasa nije kwa mpishi mkuu. Yeye alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli. Na Mzaramo kwetu ni mtani. Babu zetu walibeba pembe na vitambaa kwa mabega yao kutoka Tabora hadi pwani, na mwisho wa njia wakawakuta Wazaramo wanawasubiri. Inasemekana waligombana kwanza, wakachoka, wakaanza kuchekana. Tangu hapo mtani atakutukana mbele za wakwe zako, atachukua kitu chako nawe unamtazama, atakwenda kulala ndani ya kaburi la baba yako akatae kutoka, na huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika unatozwa kuku. Kuku si neno, aibu ndiyo yenyewe. Na mtu wa kumshitaki mtani wake kwa wizi sikuwahi kumsikia.

Basi mpishi alimchukulia Afande firimbi, akaitumia kuitia wanachuo chakula. Afande akamchukulia chumvi yote ya jikoni, tukala maharage ya chukuchuku mpaka yule alipoikuta ndani ya kabuti la mlinzi. Mpishi akachukua kiti, Afande akachukua mwiko mkubwa. Jioni walikaa pamoja mlangoni kwa mpishi wakila matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na kutukanana kwa furaha. "Mpagazi wewe, umezaliwa na mzigo kichwani!" "Na wewe mla nazi, hujui hata jembe lina ncha wapi!" Mimi pia, kwa kuwa Mnyamwezi, nilipakuliwa ukoko kila siku, na nilikasirika kila siku kimoyomoyo, maana kuku sikuwa naye.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja Mkuu mpya wa chuo, Mwingereza aliyewahi kuwa mwanajeshi. Siku zake za mwanzo blanketi za bwenini zilipotea. Kwa akili ya kawaida, mwizi alipita kwenye nyasi, kama mbuzi. Mkuu alifikiri tofauti. Njia ya kutokea chuoni ni lango, alisema, kwa hiyo blanketi zimetoka langoni, kwa hiyo mlinzi ameziona. Akatangaza mbele yetu sote kwamba kikipotea kitu kingine cha chuo, kiwe kidogo kiasi gani, mlinzi hana kazi. Kisha akanifanya mimi kiranja wa ulinzi na mkalimani wake, maana Kiingereza cha Afande kilikuwa cha keya, na hakikuwa na sentensi isiyokuwa amri.

Nilipomtafsiria Afande tangazo lile alisimama wima, akapiga saluti, akaniuliza kwa Kinyamwezi kama binti yake amefanya vizuri kwenye mtihani wa kugawanya. Nikamwambia amenishinda hata mimi. Akacheka kwa raha.

Ikaja Jumapili ya mgeni. Mkaguzi wa elimu alikuwa anakuja kwa treni kutoka Dar es Salaam, na Mkuu alitaka kumwonyesha kwanza kabisa ulinzi wa chuo, yaani lango. Ng'ombe alichinjwa. Asubuhi Afande aliomba ruhusa aende kwenye ibada kwa Wamoraviani, Mkuu akampa. Jikoni nako mpishi alimtazama ng'ombe, akatazama meza zake, akaona hazitoshi. Akawachukua wasaidizi wake wanne, wakaenda wakaling'oa lango bawabani, wakalilaza juu ya mapipa, wakaanza kukata nyama. Kuhusu lile tangazo hakuwa na habari. Lilitolewa kwenye gwaride, na wapishi hawaji kwenye gwaride, wala Afande hakuwa mtu wa kumlilia mtani shida.

Afande alipotoka kanisani akakuta nguzo mbili na hewa katikati. Nilikuwa nimefika kabla yake, nimeshika kichwa. Alizitazama zile bawaba tupu, akachungulia kule jikoni, akaona wanaokata na wanachokatia. Akaanza kucheka. Alicheka hadi akashika goti lake bovu.

"Mzaramo huyu!" alisema. "Lango! Kachukua lango zima! Hili nitalilipa vipi?"

"Afande," nikamwambia, "tangazo."

Kicheko kikamkatika. Nikakimbia jikoni kutaka lango lirudi. Mpishi alikuwa amekwenda Gongoni kununua vitunguu, na wasaidizi wake walinionyesha visu na mapaja ya ng'ombe wakaniuliza nyama yote hiyo waiweke kichwani kwangu? Kabla sijamaliza kugombana nao nikasikia gari la Mkuu likitokea stesheni, nikarudi mbio.

Nililoliona langoni sitalisahau. Afande alikuwa mahali pake. Akanyoosha mkono, gari likasimama. Akasogea katikati ya zile nguzo, akavuta komeo lisilokuwepo, akasukuma mlango mmoja wa hewa mpaka mwisho, akarudi akasukuma wa pili, akapiga saluti. Dereva, mtu wa hapa hapa Tabora, alingoja kwa adabu mpaka milango yote miwili imefunguka, ndipo akapita. Mkaguzi aliyekuwa nyuma akainua kofia yake kidogo. Ila Mkuu akateremka.

"Mwulize lango liko wapi."

Nikamwuliza. "Lipo jikoni kwa mtani wangu," Afande akajibu.

Nilitafuta neno la Kiingereza la mtani, sikulipata. Nikasema ni mtu mwenye haki ya kumwibia.

"Basi limeibiwa."

"Mwambie halikuibiwa. Mtani haibi."

"Haki hiyo kapewa na nani?"

"Na babu yake," alisema Afande.

"Babu yake aliajiriwa hapa?"

Nilitafsiri na hilo. Nilitafsiri kila neno huku damu inanichemka, maana watu wote wawili walisema kweli tupu na ukweli wao haukugusana popote. Mkuu akasema jambo ni rahisi: Afande aseme mpishi ni mwizi, aende polisi mpishi, na yeye Afande abaki na kazi yake. Nikamweleza Afande kwa Kinyamwezi taratibu, nikamtajia na mtoto. Alifunga vifungo vya kabuti lake kimoja kimoja.

"Siwezi kusema uongo Jumapili," akasema mwishowe.

Wakati huo huo mpishi akatokea na kikapu cha vitunguu. Akamwona mtani wake amesimama kama mti mbele ya Wazungu, amekabwa na jambo, asilijue ni jambo gani. Na Mzaramo afanye nini anapomkuta mtani wake taabani? Alifanya lile lile ambalo angelifanya msibani. Akatua kikapu, akapaza sauti:

"Huyu mpagazi alikuwa amelala! Nimechukua lango, ningemchukua na yeye nikamkate, ila nyama yake ngumu!"

Wafanyakazi wote wakaangua kicheko. Hata Afande alicheka, hakuwa na budi. Mimi sikutafsiri. Lakini Mkuu alikuwa na Kiswahili cha kutosha kuwaagiza watumishi wake, na neno la kulala alilijua vizuri.

"Alikuwa amelala?"

"Hakulala!" nikapiga kelele. "Alikuwa kanisani!"

"Yaani hakuwepo kabisa," akasema Mkuu, kana kwamba ruhusa ya asubuhi hakuitoa yeye, na hapo kazi ya Afande ikaisha. Akaambiwa aondoke kwa treni ya Jumatano. Mkaguzi alikula nyama iliyokatiwa juu ya lango akaisifu.

Niliona uchungu ambao sijui niufananishe na nini. Nilikwenda jikoni nikamtukana mpishi, matusi ya kweli yasiyo ya utani, naye hakunitoza kuku. Alikuwa amekwisha kuelezwa. Alikaa juu ya gunia la unga, mikono imelegea. Jioni ile alivaa kanzu yake nyeupe, akaenda nyumbani kwa Afande, akapiga magoti kizingitini. Nilikuwepo nikisaidia kufunga mizigo.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ndogo, "nisamehe."

Afande akamtazama kwa hofu kabisa. Sijui kama Burma ilimtisha vile. "Toka," akamwambia. "Mzaramo akinipigia magoti, basi nimekufa kweli." Akafunga mlango, akakaa kitandani akalia. Binti yake alikuwa pembeni anakunja gauni lake la shule, analikunjua, analikunja tena.

Jumatatu mpishi hakuonekana. Jumanne jioni akaja tena, safari hii hana kanzu wala hodi. Akaingia, akapita katikati yetu, akalichukua sanduku la mtoto akajitwika kichwani.

"Hiki nachukua," akasema. Kisha akamshika binti mkono. "Na hiki pia."

Afande akasimama, akamtazama yule mtu mnene na sanduku lake kichwani.

"Mzaramo kabeba mzigo!" akasema polepole. "Leo jua litachomoza Ujiji."

"Litokee litakako. Kesho ukimdai nitakwambia simjui."

"Mwizi mkubwa wewe."

"Nikasirikie basi, nile kuku."

Afande hakukasirika. Wala hakumshukuru, maana mtani akichukua hashukuriwi. Aliketi tu akatazama mahali lilipokuwa sanduku, na mimi nikatoka nje.

Asubuhi mwalimu mkuu wa shule ya mazoezi alimwuliza binti amelala wapi. Kwa mpishi, akajibu. Nyumba za wafanyakazi? Nyumba za wafanyakazi. Akaambiwa akae kwenye dawati lake. Sheria ilikuwa fupi, na safari hii nikaupenda ufupi wake.

Saa ya treni akapewa ruhusa, tukaenda stesheni wote wanne. Mpishi na Afande walitukanana njia nzima, lakini kwa sauti za chini, na mara kwa mara mmoja wao alisahau zamu yake. Tangu Jumapili sikuwa nimesikia sauti ya binti isipokuwa kwa yule mwalimu mkuu. Baba yake alimshika kichwa, akambariki kwa Kinyamwezi, akapanda.

Treni ilipoanza kujivuta, Afande akatoa kichwa dirishani. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kabuti.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mshikeni huyo mnene! Kaniibia mtoto wangu! Mwizi!"

Alipiga kelele hivyo mpaka behewa lake likapita mwisho wa jukwaa. Na askari wa reli, kijana mgeni ambaye kwao bila shaka hawana utani na Wazaramo, akaja mbio akamkamata mpishi mkono. Mpishi hakujitetea. Alikuwa analitazama behewa.

"Binti," askari akauliza, "unamfahamu mtu huyu?"

Nilifungua mdomo nimjibie, nieleze babu, pwani, pembe na kila kitu. Binti hakuningoja. Alimtazama mpishi kwa yale macho yake ya kungojea mtu akosee.

"Simjui," akasema. "Ila mkimfunga, masufuria yake ni yangu."

Mpishi akashusha pumzi, akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini pale jukwaani, mkono mmoja bado umeshikwa na askari aliyekuwa haelewi. Alipouinua uso nikaona kwamba analia.

"Mpagazi mtoto wa mpagazi," alimwambia, akimnyooshea mkono wa pili. "Niinue, twende nyumbani."